Vumbi Lililodhaniwa Moshi

Uchovu wa Bi Mawingu haukuwa wa kulala ukapona. Ulikuwa umemkaa mabegani na nyuma ya macho, kama mgeni aliyesema anakuja kwa siku mbili, kumbe kaja na sanduku.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipachikwa na wenzake wa ofisi ya hali ya hewa, kwa sababu kutwa kazi yake ilikuwa kutazama picha zinazopigwa na setilaiti kutoka juu na kutoa hukumu: hili wingu, huu moshi, hili vumbi. Mdogo wake wa kiume akalichukua jina akalipeleka nyumbani. Huyo naye alikuwa na la kwake, Spana, maana alikuwa fundi wa magari na hakuonekana bila spana mfukoni hata akienda kwenye ibada. Mama yao tu ndiye aliyegoma. "Mimi sikuzaa wingu wala spana," alisema. "Nilizaa watu, na wote wawili hawana muda wa kula."

Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa korido, dirisha limezibwa kwa karatasi nyeusi ili mwanga usichezee skrini. Kwa hiyo mwenye kuangalia anga la nchi nzima hakujua kama nje kuna jua. Mvua ikinyesha, aliambiwa na mfagizi.

Msimu ule misitu ya kaskazini ilikuwa imeshika moto, na moto wa msitu haufi kwa siku moja. Kila asubuhi Bi Mawingu alikuta kwenye skrini zile alama nyekundu, kila moja ni mahali panapoungua, na kutoka hapo moshi umevutwa na upepo, mwembamba mwanzoni kama mkia wa panya, kisha umetanuka mpaka umefunika wilaya. Kazi yake ilikuwa kusema unaelekea wapi, nani afunge madirisha, shule gani ziwaweke watoto ndani.

Wiki iliyotangulia alikuwa amesema, na maneno yakamrudi. Aliuona mkia ukija moja kwa moja juu ya mji wao, akatoa tahadhari. Shule zikafungwa. Na kwa kuwa mama yake ni mgonjwa wa kifua, mtu ambaye hata moshi wa jiko la jirani humlaza kitandani, alimwamuru Spana amhamishie kwa mama mdogo, ng'ambo ya vilima. Mama akabebwa na godoro lake, na dawa zake, na mto wake ule ule asioukubali mwingine badala yake, akapakiwa garini huku analalamika. Moshi ukaja kweli. Ukapita juu kwa juu, mbali huko, jua likawa jekundu kama kaa, watu wakalipiga picha kwa simu, na huku chini hakuna aliyepiga hata chafya.

Ndiyo shida ya jicho la juu. Linaona mgongo wa moshi, halioni tumbo lake. Kama tumbo hilo linagusa paa za nyumba au linaelea kwenye njia za ndege, picha haisemi.

Mama alirudishwa akikohoa zaidi kwa safari kuliko ambavyo angekohoa kwa moshi. "Basi," alisema alipolazwa kitandani kwake. "Mtu mzima hahamishwi mara mbili kama kuku." Spana yeye alipata cha kusema mpaka mwisho wa wiki. Akimwona dada yake anaingia, alijifunika pua kwa shati. "Nabii wa moshi huyo! Fungeni madirisha!" Bi Mawingu alicheka naye, kwa kuwa ndugu hucheka. Lakini kila kicheko kilipunguza kitu ndani yake, na hakujua ni nini mpaka asubuhi ya siku tunayoisimulia.

Asubuhi hiyo mama alikuwa na miadi na daktari wa kifua katika mji mkubwa, safari ya nusu siku kupitia uwandani. Miadi hiyo Spana aliifuatilia kwa miezi, mpaka walinzi wa hospitali wakawa wanamsalimia kwa jina. Daktari mwenyewe hakai sana, huja na kuondoka, na pumzi ya mama ilikuwa inazidi kuwa fupi. Siku hizi alikuwa akipumzika katikati ya sentensi, kama mtu anayepanda ngazi.

Bi Mawingu alikuwa kwenye zamu ya pili mfululizo, mwenzake kaugua. Picha ya kwanza ya asubuhi iliposhuka, aliona utando wa kahawia umetanda pembeni mwa uwanda. Akatazama juu kidogo: alama nyekundu za moto zipo kule kule kaskazini. Akajisemea, ni moshi ule ule.

Kulikuwa na picha nyingine, ile ambayo kompyuta huipika kwa kupima joto badala ya rangi, na humo vumbi hutoka rangi ya waridi iliyokoza, haliwezi kujificha. Kanuni ya chumba ilikuwa kufungua zote mbili. Lakini asubuhi hiyo picha ya pili ilikuwa nzito kushuka, inavuta miguu, na ukishaona moto, kisha ukaona kitu cha kahawia ng'ambo ya moto, nani atauliza baba wa mtoto? Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye yalimgeukia. Alikuwa ameshtukia ung'ongo, akachekwa, na sasa nyoka alipokuja akamwita ung'ongo. Akaandika kwenye taarifa ya asubuhi: moshi uko juu, hauna madhara kwa wasafiri.

Simu ikalia. Spana.

"Nabii, shikamoo. Unatuonea nini leo? Tubebe na godoro?"

"Acha utani. Njia ni nyeupe. Kuna moshi pembeni lakini uko juu, kama ule wa wiki iliyopita."

"Kwa hiyo twende?"

"Nendeni."

"Umesikia mama? Mawingu yametoa kibali." Kwa nyuma sauti ya mama ilisikika, imekatika katikati: "Mwambie... apumzike huyo mtoto." Injini ikanguruma, simu ikakatwa.

Mkuu wa zamu alipita mlangoni na kikombe chake cha chai, akachungulia. Hakuwa mtu mbaya, ila wiki ile alikuwa kazeeka.

"Leo hamna tahadhari, Bi Mawingu?"

"Hamna, mkuu."

"Afadhali. Wiki iliyopita walimu wakuu walinipigia mpaka sikio likawa moto." Akanywa funda moja. "Lakini piga zile simu zako za chini. Tumeshakubaliana, kabla ya kulala, simu."

Simu za chini ulikuwa utaratibu mpya, uliozaliwa na aibu ya wiki iliyopita. Kwa kuwa jicho la juu halioni tumbo la moshi, walitafuta watu walio chini yake: muuguzi wa zahanati hapa, mlinzi wa shule pale. Wote waliulizwa mambo mawili. Unasikia harufu? Na kivuli chako kina ukingo, au kimefifia? Mtu mwenye kivuli kikali na pua tulivu, hewa yake ni safi.

Mchana ulipokaribia, Bi Mawingu alizipiga kwa kutimiza wajibu, kidole kinabonyeza na akili imelala. Muuguzi alisema shwari. Mlinzi wa shule hakupokea. Wa tatu alikuwa mzee wa mizani, yule anayepima uzito wa malori kwenye barabara ya uwandani, upande ule wa utando wa kahawia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Leo unataka kivuli au harufu?"

"Vyote viwili."

"Kivuli changu kimeniacha. Kilikuwepo, mara hakipo, kama mkwe siku ya kulima."

Bi Mawingu alitabasamu bila kufumbua macho. "Na harufu?"

"Harufu ya nini?"

"Ya kuungua. Majani, miti, chochote."

"Hakuna, mama. Pua haina la kusema. Ila meno, nikiyauma yanasaga. Na huyu dereva aliyeingia sasa hivi anasema huko alikotoka hakuona hata pua ya lori lake. Gari limeparuliwa rangi kama..." Simu ikaanza kukoroma, maneno yakaliwa, kisha ikafa.

Alifumbua macho.

Moshi hausagi meno.

Akaifungua picha ya pili. Ilishuka polepole, kipande kwa kipande kutoka juu, naye amekaa roho juu, amekamata ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kaskazini, palipo na moto, hakukuwa na waridi hata tone. Ikashuka. Ikafika uwandani, na hapo ikawaka. Waridi iliyokoza, pana, imelala juu ya nchi kama mkeka uliotandikwa na mtu mwenye haraka. Haikuwa na mkia. Moshi una shina, huanzia mahali ukakua. Hiki kilikuwa na uso tu, uso mpana uliopinda, na uso huo ulitazama barabara.

Akarudisha nyuma picha zilizotangulia, akazichezesha kwa mfuatano. Tangu alfajiri kilikuwa kinakuja. Kwenye picha ya kawaida kilipofika juu ya udongo mkavu kilipotea, maana vumbi juu ya vumbi halionekani, na pembe iliyobaki ya kahawia ndiyo aliyoiita moshi. Upepo wa joto ulikuwa umeliamsha lote, na lilikuwa linatambaa chini chini, tumbo limegusa ardhi.

Mama yuko kwenye barabara ile. Na aliyewaambia nendeni ni yeye.

Alimpigia Spana. Haikupatikana. Akapiga tena. Ikaita.

"Dada, tumeshapita daraja, mama kasinzia..."

"Simama."

"Nini?"

"Ondoka barabarani. Ni vumbi, si moshi. Linakuja kutoka kulia kwenu, liko chini, na ni zito."

Spana alicheka, kicheko cha mtu anayetafuta kama huu ni utani. "Mbele kweupe kama sahani, dada. Asubuhi ulisema twende. Sasa unasema tusimame. Tumwamini yupi, wa asubuhi au wa mchana?"

"Wa mchana. Wa asubuhi alikuwa amechoka, akakosea."

Injini ilisikika bado inakwenda.

"Tukisimama tunamkosa daktari," Spana akasema, na sasa utani ulikuwa umemtoka. "Unajua nilivyohangaika kwa miadi hii. Unajua hali yake. Siwezi kumrudisha mama kwa sababu umeona rangi kwenye skrini. Wiki iliyopita pia uliona."

Maneno ya mdogo wake yalikuwa ya kweli, na ukweli haupigwi ngumi. Bi Mawingu akauliza tu, taratibu: "Angalia kulia. Pale ardhi inapokutana na mbingu. Unaona nini?"

"Naona... naona mlima."

"Huko kuna mlima?"

Ikasikika sauti ya mama, imeamka, inauliza kuna nini. Kisha sauti ya Spana, ndogo kama ya zamani walipokuwa wanalala kitanda kimoja: "Unatembea, dada. Ule mlima unatembea."

"Nisikilize. Usisimame ukingoni mwa lami, malori yatawafuata. Kuna jengo lolote?"

"Kuna ghala. La nafaka. Naliona paa."

"Nenda hapo. Ukishindwa kufika, toka mbali na lami, zima na taa, maana mtu akiona taa zako atadhani ndiyo njia atakufuata. Loweka kitambaa, mfunike mama pua na mdomo. Dawa yake ya kuvuta iwe mkononi, isiwe kwenye begi. Spana? Isiwe kwenye begi!"

"Nimesikia, nimesi..."

Ikakatika.

Alikwenda mbio kwa mkuu. Mkuu alikuwa anatia sukari. Alipouona uso wa Bi Mawingu akaweka kijiko chini.

"Ile ya asubuhi si moshi. Ni vumbi, linaingia barabara ya uwandani sasa hivi."

"Asubuhi uliandika moshi."

"Nilikosea, mkuu. Sikufungua picha ya pili."

Mtu angeweza kuziona lawama zikipanda mpaka kooni mwa mkuu, kisha zikateremshwa. "Una uhakika?"

"Wa vumbi, ninao. Wa mengine sina."

"Redio watanila nyama," akasema, na mkono wake tayari uko kwenye simu. "Andika upya. Nitawasomea mwenyewe." Alipokuwa anasubiri kuunganishwa akaongeza, bila kumtazama: "Mama yako si alikuwa anasafiri leo?"

Bi Mawingu akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye chumba chake chenye giza.

Aliandika tahadhari upya, maneno machache, asiyaremba. Kisha hakukuwa na la kufanya ila kuangalia. Picha mpya hushuka kila robo saa, na robo saa ya mtu anayesubiri si ile ya saa ya ukutani. Ya kwanza iliposhuka, uso wa waridi ulikuwa umegusa barabara. Ya pili, barabara haikuwepo. Mizani haikuwepo. Ghala, ambalo hata siku ya kawaida lisingeonekana kwa udogo wake, lilikuwa mahali fulani chini ya rangi ile, na ndani yake, Mungu akipenda, mwanamume mmoja na mwanamke mzee aliyefunikwa kitambaa.

Ilikuwa rangi nzuri, na hilo ndilo lililomwumiza. Ingefaa kwa gauni la bibi harusi. Alikaa akaitazama kutoka juu, mahali ambapo malaika hutazamia, na hakuwa malaika, hakuweza kunyoosha mkono hata kuinua upindo wake. Akasali. Hakuwa na maneno marefu. Alisema, Ee Mola, wewe unaona juu na chini, mimi naona juu tu. Akasema tena vile vile. Baadaye maneno yakaisha, akawa anavuta pumzi na kuitoa kwa mpango, ndani, nje, kama vile angeweza kumvutia mama yake sehemu ya hewa kutoka chumba kile.

Alipiga simu mara nyingi. Mwanamke wa kwenye mtambo akamwambia kila mara, kwa adabu ile ile, kwamba hapatikani.

Mfagizi akaingia kuchukua takataka, akamwona, akatoka na pipa tupu bila kelele. Baada ya kitambo akarudi na glasi ya maji, akaiweka mezani. Bi Mawingu akayanywa yote.

Picha nyingine. Uso wa vumbi ulikuwa umevuka, unaelekea mashamba ya ng'ambo, na nyuma yake waridi inaanza kupauka. Nyingine. Barabara ikatokeza kama uzi. Mkuu akaja, akasimama nyuma ya kiti chake, akatazama naye. "Mizani wamepiga," akasema. "Malori mawili yamegongana pale mbele ya daraja. Madereva wazima. Magari madogo hakuna aliyetaja." Akamgusa bega mara moja, akaenda zake.

Magari madogo hakuna aliyetaja. Aliligeuza neno hilo huku na huku, na kila upande lilikuwa na mwiba.

Simu ikatikisika mezani.

"Dada." Sauti imekwaruzwa, kama ya mtu aliyekula chaki.

"Mama."

"Yupo. Subiri." Mkwaruzo, kikohozi kirefu cha kuvuta kutoka chini, kikakoma, kikaanza tena. Bi Mawingu alikihesabia kila mkato, akitafuta mluzi ule wa kifuani anaouogopa. Ulikuwepo, lakini mwembamba. Dawa ilikuwa imefika.

"Mwanangu," mama akasema.

"Mama. Nisamehe. Asubuhi niliwaambia..."

"Nyamaza kwanza... pumzi yangu ni ya kubana matumizi." Akapumzika. "Tuko ghalani. Ndugu yako kaniziba kwa gunia la watu... linanuka panya. Yeye mwenyewe kawa mweupe... kama kaanguka kwenye unga. Ungemwona ungecheka."

Bi Mawingu alitaka kucheka, machozi yakawahi. Akayaacha yateremke, maana chumba kilikuwa na giza na hakuna wa kumwona.

"Na daktari, mama?"

"Daktari atakuwa ameondoka tukifika." Alilisema polepole, kama mtu anayeweka mzigo chini asiutue kwa kishindo. "Miadi mingine itatafutwa. Au haitapatikana. Hilo si la leo."

Nalo lilikuwa la leo, na wote wawili walijua. Kama asubuhi angefungua ile picha ya pili, wangeondoka mapema kwa njia ya vilima, wangefika. Bi Mawingu alilimeza, likashuka likakaa. Litakuwepo kesho pia, atalikuta.

Spana akaichukua simu. Bi Mawingu alisubiri nabii, au moshi, au neno lolote la kumchoma. Alikuwa tayari kulipokea.

"Kulikuwa na lori nyuma yangu tulipotoka barabarani," Spana akasema, "sikuliona tena." Akakohoa. "Dada, twende mbele tukajaribu hata wauguzi wamwone, au turudi nyumbani? Wewe unaonaje? Njia ikoje?"

Aligeukia skrini. Picha ya mwisho ilikuwa ya zamani kidogo sasa. Ilionyesha barabara imefunguka mpaka karibu na mji mkubwa, na huko mwisho kulikuwa na doa la kupauka ambalo lingeweza kuwa mkia wa vumbi, au wingu jepesi, au kitu tu cha kwenye macho yake. Zamani angelipa jina. Angesema kitu, kwa kuwa mtu akikuuliza njia unaona aibu kukaa kimya.

"Sijui bado," akasema. "Mkae hapo hapo. Picha nyingine inashuka sasa hivi, nitazifungua zote mbili, kisha nitawapigia."

Alisikia Spana akimgeukia mama: "Anasema tusubiri." Na mama akajibu kutoka mbali, kwa pumzi yake ya vipande: "Basi tandika hilo gunia... tukae."

Bi Mawingu akavuta kiti karibu na skrini. Juu kabisa, kipande cha kwanza cha picha mpya kilianza kutokea.